Chema hakijiuzi: jinsi video fupi inavyosambaa

Ndugu washiriki,

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye video fupi methali hiyo haifui dafu, na wengi wanaumia kwa sababu wameiamini. Mtu anatengeneza video nzuri ya kweli, yenye maarifa yanayohitajika, anaiposti, kisha anakaa kusubiri ijiuze. Inatazamwa na watu mia mbili, inalala. Wiki hiyohiyo video isiyo na kichwa wala miguu inatazamwa na mamilioni. Basi anaamua kwamba watu hawapendi vitu vya maana, au kwamba mtandao umembania. Mara nyingi si hivi wala vile. Video yake ilipelekwa kwa watu, wakaiona sekunde ya kwanza na ya pili, wakapita. Uzuri wake ulikuwa sekunde ya ishirini, na karibu hakuna aliyefika huko.

Tunachotaka kukieleza leo ni kwamba video fupi hupimwa kwa watu wasiokujua, kundi baada ya kundi, na katika kila kundi swali ni lilelile: wamebaki au wamepita? Wameituma kwa mtu au hawakuituma?

Tuanze na hesabu, maana neno lenyewe la kusambaa linapotosha. Tukilisikia tunawaza ugonjwa: mmoja anamwambukiza mwenzake, mwenzake naye anamwambukiza mwingine. Chukua video iliyotazamwa na watu 1,000. Tuseme wawili katika kila mia wanaituma. Hao ni watumaji 20. Kila mmoja anaituma kwa watu watano, na watatu kati ya hao watano wanaifungua. Tumepata watazamaji wapya 60. Kwa kiwango kilekile, hao 60 watatoa mtumaji mmoja, naye ataleta watu watatu. Baada ya hapo, kimya. Jumla yote ni 1,063. Ili mnyororo huo ujiendeshe wenyewe, kila mtazamaji angepaswa kuleta mtazamaji mpya mmoja kwa wastani, yaani katika mfano wetu mtu mmoja kati ya kila watatu aitume. Ni video chache mno zinazofika hapo, na hata hizo hazikai hapo kwa muda mrefu.

Pengo hilo linajazwa na mfumo wa mapendekezo, hiyo algoriti tunayoitaja kila siku. YouTube ilipopokea video yake ya kwanza Aprili 2005, kipande cha sekunde 19, ilibidi mtu aitafute au apewe kiungo. Leo mtu hatafuti. Anafungua simu na video inamfuata. Mfumo unaionyesha kwa watu kadhaa, unaangalia walichofanya, kisha unaamua kama iende kwa wengine zaidi. Kutuma kwa mkono hakujapoteza kazi. Kila anayetuma anauambia mfumo kwamba hapa kuna kitu, na ishara hiyo huenda mbali kuliko ujumbe wenyewe.

Ishara hizi si siri kubwa kama inavyodhaniwa. Juni 2020 TikTok ilieleza hadharani jinsi inavyopendekeza video: mtu kumaliza video ndefu kidogo kuanzia mwanzo hadi mwisho ni ishara nzito, ilhali mtazamaji na mtengenezaji kuwa nchi moja ni ishara nyepesi. Ikasema pia kwamba idadi ya wafuasi wako, au video zako za nyuma kufanya vizuri, si vigezo vya moja kwa moja. Januari 2025 Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alitaja mambo matatu yanayobeba uzito zaidi: muda wa kutazama, laiki ukilinganisha na idadi ya watu waliofikiwa, na idadi ya waliotuma ukilinganisha na idadi ya watu waliofikiwa. Akaongeza kwamba kwa watu ambao hawakufuati, kutuma kuna uzito zaidi kidogo kuliko laiki. YouTube nayo, ukifungua takwimu za Shorts, yaani video zake fupi, inakuonyesha wangapi kati ya walioonyeshwa video walibaki na wangapi waliipitisha kwa kidole.

Hapohapo kuna mtego. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube inahesabu mtazamo wa Shorts kila video inapoanza kucheza au kurudia, bila kiwango cha chini cha muda. Kwa hiyo namba kubwa iliyo mbele ya video inaweza kukua huku watu wakiikimbia. Usiitegemee. Tazama asilimia ya waliobaki na wastani wa muda waliotazama.

Sasa tuiweke video moja mezani, kitu cha kawaida kabisa. Fundi anataka kuonyesha namna ya kutoa skrubu iliyolika kichwa kwa kutumia mpira mpana, ule wa kufungia noti. Unaulaza mpira juu ya kichwa cha skrubu, unakandamiza bisibisi juu yake, mpira unajaza sehemu iliyolika na ncha inapata pa kushika. Mbinu nzuri. Ameirekodi kwa sekunde 41. Sekunde nne za kwanza anasalimia na kukaribisha watu kwenye ukurasa wake. Hadi sekunde ya 11 anaeleza atakachozungumzia. Hadi ya 17 anapanga vifaa mezani. Kazi yenyewe inaanzia hapo hadi sekunde ya 30, skrubu inatoka sekunde ya 36, na tano zilizobaki anaomba laiki na wafuasi.

Tuipange upya. Sekunde ya sifuri: kamera iko karibu kabisa, bisibisi inateleza juu ya skrubu, mlio wa chuma unasikika. Juu ya picha kuna maneno manne: "Skrubu imelika? Usiitoboe kwanza." Aliyewahi kuhangaika na skrubu ya namna hiyo ameshajua kwamba anaambiwa yeye. Sekunde ya pili mkono unaingia na mpira. Sekunde ya nne sauti inaeleza mpira unafanya kazi gani. Sekunde ya saba anakandamiza kwa nguvu na kuzungusha polepole kinyume cha mwendo wa saa. Sekunde ya 10 mpira mwembamba unakatika, naye anauacha mkatiko huo uonekane, anachukua mpana zaidi. Sekunde ya 15 skrubu inaanza kuzunguka. Sekunde ya 19 inadondoka mezani, na video inakatwa mara tu inapogonga meza. Sekunde 20, kazi ileile.

Mwanzo ni tatizo lenyewe, halafu ndipo maelezo yanafuata. Mpira kukatika katikati kunampa mtazamaji sababu ya kusubiri, kwa kuwa sasa hana uhakika kama mbinu itafaulu. Tunawasihi msizifute hitilafu za namna hiyo wakati wa kuhariri. Wengi huzikata kwa kuona aibu, kumbe ndizo zinazoshika watu, na ndizo zinazomsaidia mwenye kujaribu nyumbani asikate tamaa mpira wake wa kwanza ukikatika. Na mwisho umekatwa palepale kwa sababu mara tu mtu anaposikia "basi, usisahau kulaiki", kidole kimeshasogea. Ukikatwa kwenye mlio, video inarudi mwanzo yenyewe na wengine wanaangalia tena mkono ulivyoshika. Vine, programu ya video fupi iliyofunguliwa Januari 2013, iliwazoesha watu video za sekunde sita zinazojirudia, na hadi leo mchezo wa kuunganisha mwisho na mwanzo unafanya kazi pale tu ambapo kuna kitu cha kuangalia mara ya pili.

Kukata salamu kunaonekana kama utovu wa adabu. Anayetazama haoni hivyo. Hajaingia ukumbini akusikilize, anapita njiani, na heshima unayoweza kumpa ni kutompotezea muda. Salamu iandike kwenye maelezo chini ya video.

Kuna wanaoisikia habari ya sekunde mbili za kwanza na kuifanya uongo: "Hutaamini kilichotokea!", na kisha hakitokei kitu. Hilo linapata watu wa kuingia na linawapoteza sekunde ya sita. YouTube iliacha kuzipa kipaumbele video kwa kuhesabu mibofyo na kuanza kuangalia muda wa kutazama mwaka 2012, kwa sababu vichwa vya kudanganya vilikuwa vinashinda. Mwanzo wako uahidi kitu kidogo, kisha video itoe zaidi kidogo ya ahadi hiyo.

Kuhusu urefu, usianze na idadi ya sekunde. Anza na maneno. Kiswahili kina maneno marefu. Neno kama "tutakapoyaangalia" linabeba mzigo wa sentensi nzima. Kwa mwendo wa kueleweka, hesabu maneno mawili kwa sekunde. Video ya sekunde 20 basi ina nafasi ya maneno 40, na mengine yaonyeshwe kwa mikono. Andika maneno yako, yasome kwa sauti ukiwa na saa, kata, soma tena. Mara nyingi sentensi mbili za kwanza ndizo zinazoondoka zote, na ya tatu inageuka kuwa mwanzo mzuri. Majukwaa siku hizi yanaruhusu urefu zaidi, Shorts ilifikishwa dakika tatu Oktoba 2024, lakini ruhusa si sababu. Sekunde 50 zenye mambo kumi tofauti ya kuona ni fupi kuliko sekunde 15 za uso mmoja unaozungukazunguka.

Tuje kwenye kutuma, na hapa tutakaa kidogo. Mwaka 2012 watafiti Jonah Berger na Katherine Milkman walichapisha uchunguzi wa makala karibu 7,000 za gazeti la New York Times, wakitafuta zipi wasomaji waliwatumia wenzao kwa barua pepe. Zilizoamsha mshangao wa kustaajabu, hasira au wasiwasi zilitumwa zaidi. Zilizoleta huzuni zilitumwa kidogo. Maelezo yao ni kwamba hisia zinazouchangamsha mwili humsukuma mtu kutenda, na huzuni humlegeza. Hizo zilikuwa makala, si video, lakini jaribu kukumbuka video ya mwisho uliyoituma na hali uliyokuwa nayo.

Hasira inafanya kazi, hilo hatulifichi. Ila angalia inakuletea nani. Wanaokuja kwa ugomvi wanabaki wakisubiri ugomvi, na ukirudi kwenye somo lako la skrubu wanaipitisha video kwa kasi. Sasa mfumo unaona kwamba hata watu wako mwenyewe hawabaki. Tumeona kurasa zenye wafuasi wengi zikidumaa kwa njia hii.

Njia tunayoiamini sisi ni kuuliza swali moja kabla ya kurekodi: nani atatumiwa video hii, na mtumaji atamwandikia nini? Andika ujumbe huo kwa maneno yake. Kwa video ya skrubu ni kama "Si ulikuwa unahangaika na bawaba ya mlango? Ona hapa." Ukiweza kuuandika ujumbe kama huo, video ina mtu wake. Usipoweza, wazo bado halijaiva, hata kama picha ni safi. Kwa nini kicheko, ujuzi wa mkononi na "huyu ni wewe kabisa" vinatumwa sana? Kwa sababu kila kimoja kinampa mtumaji neno la kumwambia mtu fulani anayemjua.

Khaby Lame ni mfano ulio wazi. Alianza kuweka video akiwa Italia mwanzoni mwa mwaka 2020, na Juni 2022 akawa mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok. Video zake zilizomjengea jina zina mpangilio mmoja: kwanza unaona mtu anafanya jambo jepesi kwa njia ngumu, kisha yeye analifanya kwa njia rahisi, anafungua viganja viwili na kuangalia kamera. Haongei. Kwa hiyo hakuna lugha inayomzuia mtazamaji. Tatizo linaonekana mara moja, jibu linakuja ndani ya sekunde chache, na uso wake unasema kile mtazamaji alichokuwa anakiwaza tayari. Ukitaka kujifunza, zima sauti ya video yako na uangalie kama kisa bado kinaeleweka.

Hayo ya ufundi tuyapitie haraka, maana yanarekebishika. Simu isimame wima, picha ya uwiano wa 9 kwa 16, pikseli 1080 kwa 1920. Futa lenzi kwa kitambaa laini, mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ukungu ambao watu wanadhani ni ubovu wa simu. Taa zikimetameta kwenye picha na umeme wako ni wa hezi 50, weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) kwenye sekunde 1/50 au 1/100. Kwa hezi 60, weka 1/60. Maandishi yasikae robo ya chini ya kioo wala ukingo wa kulia, kwa kuwa maelezo na vitufe vya programu vitayafunika. Kuna wanaoandika jibu zima pale chini na kushangaa watu wakiuliza swali ambalo limeshajibiwa.

Sauti inahitaji uangalifu kuliko picha. Watu huvumilia picha yenye giza kidogo, hawavumilii mwangwi. Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti yako inayofika kwenye maikrofoni inapungua kwa desibeli sita hivi, huku kelele za chumba zikibaki palepale. Ndiyo maana sauti iliyorekodiwa kutoka mbali haitengenezeki kwa kuipandisha: unapandisha na kelele. Weka pia maandishi ya maneno yanayosemwa, kwa ajili ya viziwi na kwa wale wanaotazama huku sauti imezimwa.

Na msichukue video yenye nembo ya programu moja mkaipandisha kwenye nyingine. Instagram ilitangaza mwaka 2021 kwamba itapunguza kuzipendekeza video za namna hiyo. Hifadhi faili lako safi kabla hujaposti popote. Kununua watazamaji ni kosa kubwa zaidi: watazamaji wa kununua hawabaki na hawatumi, kwa hiyo unalipa ili mfumo ujifunze kwamba video yako haifai. Hata ndugu na marafiki unaowabembeleza waangalie wanaweza kukuharibia vivyo hivyo bila nia mbaya, kwa kufungua, kulaiki sekunde ya pili na kuondoka.

Video ikishapata watazamaji mia chache, fungua grafu ya utazamaji. Ikiporomoka kabla ya sekunde ya tatu, tatizo ni mwanzo. Ikishuka ghafla mahali pamoja katikati, nenda kwenye sekunde hiyo hasa. Mara nyingi utakuta umerudia jambo, umenyamaza, au umetoa jibu mapema na hakuna kilichobaki cha kusubiri. Ikiteremka taratibu tangu mwanzo hadi mwisho, mara nyingi mwanzo uko sawa na mwendo ndio mzito. Panapoinuka kidogo, watu wamerudi nyuma kuangalia tena, na hapo kuna mbegu ya video nyingine. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Ukibadilisha mwanzo, urefu na muziki kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Baada ya yote haya, bahati bado ipo, na si haki kuwaficha. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio lao la watu 14,341 waliopewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Waliwagawa katika makundi yaliyojitenga. Katika baadhi ya makundi kila mtu aliona nyimbo zipi wenzake wamezipakua. Pale watu walipoona chaguo za wenzao, vinara walijitenga mbali zaidi na wengine, na vinara hao walitofautiana kutoka kundi moja hadi jingine. Nyimbo bora hazikushika mkia mara nyingi, mbovu hazikuongoza mara nyingi, lakini katikati hapo lolote liliwezekana. Kwa hiyo video moja kulala haithibitishi kwamba wazo ni bovu. Ichukue ileile, ibadilishe mwanzo, ijaribu tena baada ya wiki chache. Tengeneza somo moja kwa namna nne au tano kabla ya kulihukumu. Anayeweka nguvu zake zote za mwezi kwenye video moja amejinyima nafasi hizo.

Jambo la mwisho tunaliweka mwishoni kwa sababu watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa: siku video inaposambaa. Itafika kwa watu ambao hukuwawazia, na kila mtu anayeonekana ndani yake atafika nao. Kwa hiyo kabla ya kuposti, mwombe ruhusa kila ambaye uso wake unaonekana, na kwa mtoto jiulize kama atafurahi kuiona akiwa mtu mzima. Angalia nyuma ya picha: namba ya nyumba, sare ya shule, karatasi yenye namba ya simu ukutani. Video ikianza kupaa, usiifute ili kurekebisha kosa dogo la tahajia, kwani ukiipandisha upya inaanza kupimwa tangu sifuri. Ila kosa likiwa la kumdhuru mtu, ifute hata kama imefika milioni. Bandika juu komenti yako yenye maelezo yanayokosekana, kwa video yetu iwe "Skrubu iliyoshikwa na kutu haitoki hivi, ianzie na mafuta ya kulainisha kutu." Soma maswali ya saa chache za kwanza, chagua lile linalojirudia zaidi, na ulijibu kwa video ya pili siku hiyohiyo, wakati waliokuja bado wapo. Ratibu zamu na mwenzako wa kusoma komenti ili upate kulala, na matusi yakimwelekea mtu aliye kwenye video, zima komenti kwanza.